Mji Aliouchagua Dada

Siku Dada alipofunga duka lake la dobi kwa mara ya mwisho, wadogo zake wawili walikuwa wanamngoja mlangoni. Alizungusha ufunguo, akausukuma mlango kwa bega kuhakikisha, halafu akasimama akiitazama mikono yake kama mtu aliyesahau kitu alichokuwa amekishika.

"Sasa unapumzika," kitinda mimba alisema. Jina lake nyumbani lilikuwa hilohilo, Kitinda, ingawa alikuwa na mvi mbili tatu na kazi ya kutengeneza lifti. "Tunakupeleka matembezi. Siku chache tu, mwanzoni mwa kiangazi, kabla joto halijakaza. Chagua mji wowote. Maisha yako yote umetuchagulia sisi: viatu, shule, hata mke nusura unichagulie."

"Ningekuchagulia mimi, usingekuwa unaosha vyombo kila siku," Dada akajibu, na wote watatu wakacheka pale barabarani.

Mama yao alifariki Dada akiwa bado msichana. Aliingia kwenye udobi kwa sababu ulikuwa mlango pekee uliofunguka, akawalea wadogo zake kwa mvuke na sabuni mpaka kila mmoja akapata kazi yake. Yule wa kati, ambaye tangu utotoni walimwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi, alikuwa fundi miwani. Ndiye aliyekuwa mwepesi wa simu na mitandao, kwa hiyo ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta vyumba na tiketi.

Jioni ile walikaa nyumbani kwa Dada, chai mezani, na Dada hakuhitaji kufikiri.

"Nataka mji wa mto," alisema.

Walijua ni upi. Mji wa madaraja, tambarare, tramu zinapita karibu na milango ya watu, na kando ya maji kuna mabenchi chini ya miti. Uso wa Chiriku ulishuka kidogo.

"Kule kuna nini, Dada? Pako bapa kama kitanda."

"Ndiyo maana napapenda. Magoti yangu yanapenda kitanda."

Hakueleza zaidi, na Chiriku hakuuliza zaidi.

Kesho yake, dukani kwake, Chiriku aliweka lenzi kwenye mashine ya kusagia, na wakati mashine inavuma akafungua simu yake juu ya meza ya kazi. Katika mji wa mto vyumba vilikuwa tele. Kimoja kilikuwa chini kabisa, dirisha lake linatazama maji. Alikuwa karibu kukibonyeza, picha nyingine ikajitokeza: mji wa vilima, nyumba nyeupe zimepandana juu ya bahari, ngazi zinapita katikati ya vyungu vya maua. Mji huo alikuwa akiusikia kwa mteja mmoja aliyemtengenezea miwani ya jua kila mwaka. Kila mwaka mteja alirudi kaiva kwa jua na kusimulia, na kila mwaka likizo ya Chiriku ilimezwa na jambo: mtoto kuugua, paa kuvuja, wakwe kuja.

Akiiona bahari atasahau mto, alijiambia. Dada si mtu wa kununa. Kidole chake kikabonyeza mji wa vilima. Kisha akapiga simu kabla ujasiri haujampotea.

"Dada, mji wa mto umejaa. Kuna mkutano mkubwa, hoteli zote zimechukuliwa."

"Hata kijumba cha pembeni?"

"Hata hicho."

"Umeangalia vizuri, mdogo wangu?"

"Nimeangalia mpaka macho yanauma."

Dada alivuta pumzi. "Haya. Ukikosa la mama, hata la mbwa huamwa. Tupeleke unakojua."

Chiriku aliweka simu chini. Mashine ilikuwa imekwisha kusaga na lenzi ilikuwa imeharibika ukingo. Akaitupa, akachukua nyingine.

Mji wa vilima ulikuwa mzuri kama picha, na hilo ndilo lililomtesa Chiriku. Asubuhi ya kwanza bahari ilimetameta mpaka ikabidi wafinye macho. Lakini kutoka hotelini kwenda popote kulikuwa na ngazi, na kurudi kulikuwa na ngazi zilezile zikiwa zimerefuka. Dada alipanda akishika ukuta. Kushuka alishuka kiubavu, kama kaa, mguu mmoja kwanza, halafu wa pili unaletwa pale pale. Mara kwa mara alisimama na kusema anatazama maua.

"Mji huu ungeniajiri mpaka kaburini," Kitinda alisema huku akihema. "Hakuna lifti hata ya dawa!"

Dada alicheka. Chiriku alicheka pia.

"Lakini si pazuri, Dada?" aliuliza. Alikuwa ameuliza hivyo tangu walipofika, kila baada ya kona.

"Pazuri mno. Mungu akubariki."

Heri angelalamika.

Siku ya pili alasiri, Chiriku aliingia chumbani kwa Dada kumpelekea maji ya kunywa. Dada alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu yake iko ndani ya beseni la maji baridi, magoti yamevimba. Alikuwa anaongea na simu kwa sauti ya chini ambayo Chiriku hakuwa ameisikia tangu utoto, ile ya kumbembeleza mgonjwa.

"Kula kidogo, Mwenzangu. Kijiko kimoja, kwa ajili yangu... Nitakuja. Safari hii imeshindikana tu. Nimekwambia, mji wenu umejaa watu wa mikutano... Ndiyo, tutacheka. Haya, pumzika."

Alipomaliza aliona Chiriku amesimama na gilasi.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mama Pasi."

Chiriku alikaa chini. Mama Pasi alikuwa mwanamke aliyepiga pasi kwenye meza ya pili dukani kwa Dada, miaka yote ile. Siku za baridi aliwapigia Chiriku na Kitinda sare za shule pasi dakika ya mwisho kabisa, ili wazivae zikiwa bado na joto. Baadaye alihama kumfuata binti yake. Chiriku alijua kwamba amehama. Hakuwahi kuuliza amehamia mji gani.

"Anaumwa?"

"Anaondoka," Dada alisema kwa upole. "Ini. Wamemlaza kwenye nyumba ya kuuguzia, kule kule mji wa mto. Nilisema tukienda, nitachomoka saa moja mbili nikamwone, ninyi mkitembea. Sikutaka kuwageuzia matembezi yawe ya hospitali, ndiyo maana sikuwaambia. Si kitu. Vyumba vikijaa vimejaa."

Hapo ndipo pangekuwa mahali pa kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini mlango uligongwa, Kitinda akaingia akipepea tiketi tatu.

"Kesho boti! Tunazunguka ghuba nzima mpaka kwenye mnara wa taa. Na kwenye boti, mabibi na mabwana, hakuna ngazi!"

Dada alipiga makofi kama mtoto. Chiriku akayameza maneno yake. Nitasema kesho tukirudi, aliwaza. Siku moja haivunji kitu.

Kwenye boti Dada alikaa mbele, mtandio wake unapigwa na upepo. Aliwatupia ndege vipande vya mkate na kuwagombeza walionyang'anyana.

"Mama Pasi hapa angezimia," alisema. "Yule alikuwa anaogopa hata beseni likijaa."

Akacheka peke yake, kisha akatazama maji kwa muda mrefu. Chiriku aliinama, akafumba macho. Kitinda alidhani ni mawimbi, akamkatia ndimu ainuse.

"Wewe ndiye uliyetuchagulia bahari, na wewe ndiye inayekukataa," alimtania.

Chiriku alisogea hadi kwenye reli, akatapika.

Waliposhuka, Kitinda alikwenda kutafuta chakula. Dada alikaa kwenye benchi la bandarini, akavua viatu. Chiriku hakukaa. Alisimama mbele yake kama alivyosimama utotoni alipovunja kitu.

"Dada, mji wa mto haukuwa umejaa."

Dada hakuelewa. "Vyumba vimepatikana?"

"Vilikuwepo tangu mwanzo. Hakukuwa na mkutano. Nilitaka kuja huku, nikakudanganya."

Watu walipita na mabegi yao. Dada alisugua goti moja, halafu la pili, taratibu, kama anapaka dawa.

"Jana," alisema mwishowe, "nilipokueleza habari za Mama Pasi. Ulikuwa unajua kwamba umenidanganya."

"Ndiyo."

"Na leo ukanipandisha boti."

Chiriku alikuwa amejitayarisha kulaumiwa kwa uongo wa kwanza. Huu wa pili hakuwa ameupa hata jina.

"Ule wa kwanza nauelewa," Dada alisema. "Ulitamani. Hujatamani kitu maishani mwako ukakipata kwa wakati, na mimi najua, mimi ndiye niliyekuwa nasema hakuna." Alivaa viatu vyake. "Lakini wa jana siuelewi. Kamwite ndugu yako."

Kitinda alipoambiwa, utani ulimwisha usoni. Alimtazama Chiriku. Chakula alichonunua kilibaki kwenye mfuko wa karatasi mpaka kikapoa.

Treni ya mji wa mto ilikuwa imeshaondoka, ikabidi wangoje ya alfajiri. Njiani Dada alikaa dirishani, mkoba umepakatwa, wala hakusinzia. Kila treni ilipopunguza mwendo aliinuka nusu. Vilima vilipungua, nchi ikalala bapa, na mbele yao Chiriku akaona mto, mpana na mtulivu, na madaraja yake. Mji ulikuwa mzuri. Hakuwa amelitarajia hilo.

Nyumba ya kuuguzia ilikuwa karibu na kituo cha tramu. Binti wa Mama Pasi aliwapokea mlangoni, macho mekundu, akamkumbatia Dada bila neno. Muuguzi aliwatangulia kwenye korido.

"Amelala," alisema. "Tangu jana jioni haamki. Jana mchana alikuwa anaongea vizuri tu, aliomba chai. Alisema amepigiwa simu na rafiki anayezunguka na boti."

Chiriku aliegemea ukuta.

Mama Pasi alikuwa amekuwa mdogo kama mtoto. Dada alivuta kiti, akachukua mkono wake.

"Nimefika, Mwenzangu. Nimechelewa njiani."

Hakusema ni kwa nini. Alimwambia habari za duka, jinsi meza ya pili ilivyonunuliwa na kijana wa useremala, jinsi alivyofunga mlango kwa mara ya mwisho. Alimwambia habari za ndege na mkate. Shuka lilipojikunja alisimama na kulinyoosha, akakunja pembe kwa namna yao ya kazini, halafu akaendelea kuongea. Chiriku alisimama miguuni pa kitanda akingoja kope zile zitikisike. Aliomba apewe dakika moja tu, dakika moja ya Mama Pasi kufumbua macho na kumwona Dada. Hakupewa.

Walimzika siku zile zile, kwa hiyo hawakurudi nyumbani kwanza. Baada ya mazishi, watu walipokuwa wanatawanyika, binti yake alimjia Chiriku na kumshika mikono yote miwili.

"Kumbe mlikatiza mapumziko yenu mkaja. Mdogo wako kaniambia wewe ndiye uliyesema muondoke. Mungu akulipe. Mama alikupenda sana wewe, alikuwa anaigiza sauti yako ulivyokuwa unapiga domo."

Chiriku alihisi uso unawaka. "Mimi siyo..." alianza.

Kiwiko cha Dada kilimgusa ubavuni. "Itikia," Dada alisema polepole.

"Amina," Chiriku alisema. Neno lilikuwa zito kuliko lolote alilowahi kulitamka.

Kwenye treni ya kurudi, Kitinda alipolala, Chiriku alimgeukia Dada.

"Kwa nini hukuniacha niseme ukweli?"

"Yule ana msiba wake. Wa kwako usimbebeshe."

"Na wewe? Umenisamehe?"

Dada aliangalia nje. "Nitakusamehe. Lakini usiniulize, Chiriku. Kila ukiniuliza unanirudisha bandarini."

Kwa hiyo hakuuliza. Kiangazi kilikaza, wateja walimiminika kutafuta miwani ya jua, na yule wa kila mwaka alipokuja akisimulia mji wa vilima, Chiriku alimpimia uso bila kuinua macho. Alimpigia Dada kila wiki. Dada alipokea, akamwambia ahsante kwa kupiga, akamuulizia watoto, akamtakia siku njema. Alikuwa na adabu, kama anaongea na mteja. Kitinda alisema avumilie. Alivumilia, na adabu ile ilimchoma kuliko makofi.

Kisha, mchana mmoja, simu iliita yeye akiwa katikati ya kazi.

"Wewe una akili kweli?" Dada alifoka bila salamu. "Mtoto wako kaja hapa na shati limekunjamana kama limetafunwa na ng'ombe! Nyumba ya dobi, mtoto anatoka hivyo? Majirani watasema nini? Na wewe mwenyewe, naambiwa siku hizi huli. Unataka nije nikulishe kwa kijiko? Uje leo, na uje na hayo mashati yote, umesikia?"

"Nimesikia, Dada."

"Na usichelewe!"

Simu ikakatika. Chiriku alibaki ameishika, machozi yanamdondokea kwenye kitambaa cha kufutia lenzi. Mteja aliyekuwa anangoja alimuuliza kwa wasiwasi kama amepata habari mbaya.

"Hapana," alisema akijipangusa. "Nimegombezwa tu."

Akazima mashine, akaomba radhi, akafunga duka mapema.