Kituo cha Afya cha Siku ya Wageni

Jumanne asubuhi Rolina Tabi alifagia uwanja ulio kati ya kanisa na shamba la viazi vikuu. Aliokota mavi ya nguruwe kwa kifuu cha nazi, akang'oa magugu yaliyoota pale mlango unapokuwa. Kesho yake wageni walikuwa wanakuja, na kituo cha afya kilihitaji mahali pasafi pa kusimama. Mwaka uliotangulia kazi ilifanywa ovyo, kituo kikasimama juu ya jiwe, na sakafu ikainama upande mmoja mchana kutwa.

Kituo cha kijiji cha Latabulu kilitokana na Mkataba wa Ushirikiano kwa Maendeleo ya Muda Mrefu, uliotiwa saini mji mkuu, Port Vila, miaka kumi na mmoja nyuma, kati ya serikali na nchi moja rafiki. Kila mwaka nchi rafiki ilituma ujumbe kukagua. Magurudumu ya ndege yao yakigusa nyasi za uwanja wa ndege, kituo kilikuwepo: kuta nyeupe, bati la buluu, bomba lenye maji, friji ya chanjo, kitanda cha kuzalia, na Sista Evelin mlangoni amevaa sare iliyopigwa pasi. Magurudumu yakiacha nyasi, kituo hakikuwepo. Palibaki majani yaliyolala, na wagonjwa waliokuwa hawajamaliza kutibiwa wakiwa wameyakalia.

Kila kilicho cha kituo kiliondoka na kituo. Hili watu walijifunza wakiumia. Mwaka wa tatu Basil Liu alishonwa nyuzi tisa mguuni baada ya kujikata kwa panga. Ndege iliporuka nyuzi zikaenda zake, na kidonda kikafunguka akiwa njiani kurudi kwake. Mwaka wa sita dawa za malaria walizomeza watoto wa shule ziliondoka matumboni mwao, wakaugua wiki iliyofuata. Tangu hapo siku ya wageni watu walileta mambo yanayoisha papo hapo: jipu, mwiba, jino bovu. Jino likishang'oka halirudi.

Wageni waliambiwa. Waliambiwa mwaka wa nne, wazi kabisa, kwa maneno yasiyo na mafumbo, na Chifu Boe mwenyewe. Wakasikiliza kwa makini, wakaitikia kwa vichwa, na kwenye ripoti wakaandika kwamba kuna changamoto ya uendelevu. Mwaka wa nane Chifu alimbana Fredson, afisa wa wizara aliyekuwa akiwaleta.

"Siku moja tunaiona, mwanangu. Na zile mia tatu sitini na nne?"

"Zimo kwenye awamu ya pili, Chifu."

"Awamu ya pili lini?"

"Tukimaliza kutathmini ya kwanza."

Fredson hakuwa mtu mbaya. Kumkasirikia Fredson ni kupiga mlango badala ya mwenye nyumba, na Latabulu wote walilijua hilo. Walimkasirikia tu, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu.

Mwaka huu wa kumi na moja Rolina alifagia mwenyewe kwa kuwa binti yake Jenita alikuwa na mimba ya miezi tisa na mtoto amelala upande. Hilda, wifi yake Rolina, ambaye amezalisha nusu ya kijiji, alipapasa tumbo mara tatu, akasema mtoto huyu hatatoka bila mtu aliyesomea. Hospitali ilikuwa kisiwa cha pili, safari ya siku nzima kwa boti ya mashine. Dada yake Jenita alikwenda huko miaka minne nyuma akiwa na tumbo kama hilo, akafia katikati ya bahari juu ya mkeka mwekundu aliopewa siku ya harusi yake. Rolina alikuwa ndani ya boti ile. Hakukusudia kupanda nyingine.

Jumatano saa nne ndege ilitua, kituo kikasimama, na safari hii kilisimama sawasawa.

"Mama Rolina!" Sista Evelin aliita. "Mbona nywele zimekuwa nyeupe hivyo?"

"Mwaka umepita, sista."

"Kwangu mimi nimefunga mlango, nimefungua." Akamshika Jenita mkono, akamlaza kitandani, akampima. Alichukua muda mrefu, mikono miwili tumboni, macho ukutani. "Nitamgeuza. Akigeuka, uchungu nitauanzisha. Lakini nipeni mpaka saa kumi na moja. Wanaondoka saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Basi msiwaachie."

Shauri lilikatwa nyuma ya jiko, mawe ya kuivishia laplap, mkate wa viazi vikuu, yakiwa bado motoni. Kuwafungia wageni njia kwa jani la tabu, yaani la mwiko, kungekuwa matusi, na Chifu Boe alikataa. Hilda ndiye aliyekumbuka kupeana mikono. Mgeni wa Latabulu haagi kwa kupunga. Husimama, na kila mtu wa kijiji, kuanzia wazee mpaka mtoto wa mgongoni, hupita mbele yake na kumshika mkono. Mpaka wa mwisho apite, haondoki. Aliyekwisha kupita, akazunguka nyuma ya kanisa na kurudi mkiani, naye bado ni mtu wa kijiji.

"Na wewe Chifu," Hilda alisema, "nguruwe wako mfunge kwenye mti. Usije ukakaa naye kwenye mstari."

"Unanifundisha mimi mambo ya nguruwe, mwanamke?"

"Nakufundisha kufunga kamba."

Nguruwe huyo alikuwa zawadi ya wageni, dume la meno marefu yaliyojikunja karibu mduara mzima. Kamba yake ikishatoka mkono wa mwenyeji na kuingia mkono wa mgeni, shughuli imekwisha. Anayemzuia mgeni baada ya hapo amemteka, na jambo la namna hiyo hukumbukwa na wajukuu.

Saa tisa mstari ulianza. Kiongozi wa ujumbe, mama mmoja mrefu mwenye kofia ya majani aliyozawadiwa asubuhi, alishika mikono mia mbili na kumi, kisha akaanza kushika ileile upya.

"Wewe tumeshasalimiana, nadhani," alimwambia Basil Liu.

"Huyo alikuwa pacha wangu, mama."

"Na yeye pia anachechemea?"

"Tulishonwa siku moja."

Watu waliokuwa nyuma yake walicheka mpaka ikabidi wainame. Wakaendelea kuzunguka. Vikongwe walipita mara nne, mara tano, wakizidi kutembea polepole. Kina mama walibadilishana watoto wachanga nyuma ya kanisa ili waonekane wapya. Rubani alilitazama jua, akaitazama saa, akatazama ukungu uliokuwa umeanza kukaa mlimani.

Saa kumi na nusu Fredson alitoka kituoni, shati limemlowa jasho. Mtoto alikuwa amegeuka na uchungu umekolea. Akamwambia kiongozi, kwa sauti ambayo wote waliisikia, kwamba kuna mama anajifungua mle ndani, ingefaa wangoje saa moja hivi.

"Lakini hilo ni jambo zuri sana!" kiongozi alisema, na alifurahi kwelikweli, macho yalimng'aa. "Ndiyo maana kituo kipo. Tumwache sista afanye kazi yake, tusimsumbue." Akaomba mlango upigwe picha, ukiwa umefungwa, kwa heshima ya mama aliye ndani.

Fredson alifungua kinywa. Miaka kumi na mmoja alikuwa akiandika ripoti zile kwa mkono wake, akijua. Akafunga kinywa, na hilo hata yeye mwenyewe hakulisamehe baadaye.

Chifu Boe alikuwa hakumfunga nguruwe. Chifu hamsogelei mgeni wa cheo mikono mitupu. Babu yake hakufanya hivyo, baba yake hakufanya hivyo, na yeye hakuona sababu ya kuanza siku ile kwa sababu tu Hilda amesema. Alisimama pembeni ya mstari na kamba mkononi, akihesabu kuwa mstari ni duara na mwisho wake haupo. Ikiwa inakaribia saa kumi na moja kasoro robo, nguruwe akaona ganda la ndizi, akamvuta Chifu hatua tatu, akamleta mbele ya kiongozi. Yule mama alikuwa amechoka. Amesalimiana na watu karibu elfu. Hakutazama aliyesimama mbele yake. Alinyoosha mkono tu, kwa mazoea.

Mgeni amenyoosha mkono mbele ya nguruwe. Mstari wote ukasimama. Chifu angeweza kuficha kamba mgongoni, na hadi leo wapo wanaosema angefanya hivyo. Lakini hakuna mwanamume wa kisiwa kile aliyewahi kumnyima mgeni aliyenyoosha mkono, na mikono ya Chifu Boe haikujua njia nyingine. Akaiweka kamba kiganjani mwa yule mama.

"Nguruwe wako, mama," alisema, akilia. Kiongozi akaona kwamba Chifu ameguswa na ushirikiano.

Wageni waliingia kwenye gari la wazi na nguruwe wao. Hakuna aliyewazuia.

Ndani ya kituo mtoto alitoka ndege ikiwa inageuka mwisho wa uwanja. Alikuwa wa kike, akalia mara moja. Sista Evelin akakata kitovu, akamweka kifuani kwa Rolina. Damu ya Jenita ilikuja nyingi. Sista akamchoma sindano ya pajani, na baada ya muda mfupi damu ikapungua, ikawa ya kawaida, Jenita akafumbua macho na kuuliza ni mtoto gani.

"Msichana," Rolina alisema.

"Shikilia hapo, mama," Sista alisema. "Nachukua pamba." Akageuka kabatini.

Magurudumu yakaacha nyasi.

Jenita alishuka chini kimo cha kitanda, akalala majanini. Dawa ya sindano ilikuwa mali ya kituo, ikaondoka. Damu ikarudi. Rolina alikandamiza kwa sketi yake, kwa majani, kwa ngumi, huku Hilda akimsugua tumbo na kumtukana asilale. Watu mia mbili na kumi walisimama kuzunguka na mikono ambayo alasiri yote walikuwa wameitoa kwa wageni. Jenita alikufa kabla ya kengele ya sala ya jioni. Mtoto hakuwa mali ya kituo, kwa hiyo alibaki.

Chifu Boe hakuingia tena kwenye nakamali, nyumba ya baraza la wanaume, kunywa kava ya mizizi na wenzake. Alikwenda kwa Rolina na nguruwe wake wote waliobaki, saba, akamnyooshea kamba zote kwa pamoja. Rolina hakuzipokea.

"Si wewe," alimwambia. "Wewe ulimpa mgeni alichoomba. Mimi sijui nimkamate nani, Chifu. Nimkamate nani?"

Ripoti ilifika miezi sita baadaye. Ilikuwa na picha ya mlango uliofungwa, na chini yake: Vizazi mwaka huu, kimoja. Mama na mtoto wazima. Kwa ajili ya mafanikio hayo mkataba uliongezewa miaka kumi na mitano, na waziri alionyeshwa akipeana mkono na balozi kwa muda mrefu, wote wawili wakitazama kamera.

Mwaka ulipozunguka Rolina alifagia tena. Watu walimwambia apumzike, akawajibu kwamba Sista Evelin hajakosa kitu na hana sababu ya kusimama juu ya mavi ya nguruwe. Ndege ikatua. Kituo kikawepo. Rolina akaingia na mjukuu wake kiunoni.

Sista Evelin alikuwa akigeuka kutoka kabatini, pamba mkononi.

"Haya, mama, kandamiza hapa..." Akakitazama kitanda. Kilikuwa kitupu na shuka jeupe, kwa kuwa damu ilikuwa ya Jenita na ilibaki nyasini. "Jenita yuko wapi? Nimegeuka tu kuchukua pamba."

"Tulimzika nyuma ya kanisa. Mwaka jana."

Sista aliiweka pamba chini taratibu. Kwenye daftari lililokuwa wazi mezani wino wa jina la Jenita ulikuwa haujakauka. Aliutazama, kisha akamtazama mtoto, ambaye alikuwa ameshuka na kusimama ameshika mguu wa meza.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mlete nimpime," Sista alisema, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kumpa. Kilo nane na nusu. Aliandika kilo nane na nusu, na mstari wa juu yake akaandika kwamba mama amefariki, akaeleza kwa nini. Maneno yakajaa pembezoni mwa ukurasa. Daftari lilikuwa mali ya kituo.

Wageni waliingia. Kiongozi alikuwa yule yule, akamtambua mtoto kwa hesabu ya miezi, akauliza mama yake yuko wapi awapige picha pamoja. Rolina alimweleza yote, tangu sindano mpaka kengele. Yule mama alilia. Alilia machozi ya kweli, akamkumbatia Rolina, akatoa kitabu chake kidogo na kuandika. Rolina alikuwa amesoma shule ya misheni mpaka darasa la sita na aliweza kusoma maandishi yaliyopinduliwa. Yalikuwa maneno yale yale ya mwaka wa nne: changamoto ya uendelevu.

Alasiri Rolina hakwenda kwenye mstari. Alikaa juu ya kitanda cha kuzalia, mjukuu mapajani, Sista Evelin akiwa amesimama pembeni, mkono wake begani mwa Rolina. Injini zilinguruma mwisho wa uwanja. Kisha mkono haukuwepo begani, na Rolina na mtoto wakashuka kimo cha kitanda mpaka majanini.

Mtoto alicheka. Alinyoosha mikono juu, pale kitanda kilipokuwa, akataka tena.

"Mwakani," Rolina alimwambia.