Betri ya Saa ya Ukutani

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, hawezi hata kupiga chafya bila ajenda. Ndiye aliyeitisha kikao sebuleni kwangu kuamua kama binti yetu wa miaka tisa, mwenye usonji, apelekwe shule ya bweni ya mbali. Fomu ilikuwa mezani, imejazwa yote isipokuwa sahihi yangu. Wataalamu walijaa makochi: mmoja anauza magodoro, mwingine aliwahi kusikiliza kipindi redioni. Mimi, fundi cherehani ninayemwogesha na kumlisha kila siku, nilialikwa kusikiliza, tena baada ya kuandaa chai.

Na nilikuwa karibu kusaini. Sifichi, nimechoka. Kuna siku nakata kitambaa huku nalia, mteja akiniuliza kama ni mafua, nasema ndiyo.

Nilipokwenda jikoni kuongeza vikombe, shemeji akagundua kwamba saa ya ukutani imesimama.

"Kikao gani hiki bila saa?" akasema. Akachomoa betri kwenye rimoti ya televisheni, akaipachika.

Betri ya saa ile niliitoa mwenyewe miaka miwili iliyopita, kwa sababu mlio wake unamtesa mtoto. Mume wangu alijua. Akakohoa tu.

Binti yangu alikuwa chini ya meza, akipanga vifungo vyangu kwa idadi ya matundu. Aliziba masikio, akapiga ukelele uliowamwagia chai wataalamu wawili.

"Mnaona wenyewe!" shemeji akasema.

Wifi yangu, karani wa masjala, ndiye aliyekuwa katibu. Akaandika huku akisoma kwa sauti: "Mtoto amepiga kelele bila sababu."

"Sababu iko ukutani, shemeji," nikasema mlangoni.

"Utachangia kwenye mengineyo."

Sikuwahi kufika kwenye mengineyo. Binti yangu alitoka chini ya meza, akavuta stuli, akapanda, akaitungua saa. Akatoa betri, kisha akairudisha saa kwenye msumari na kuinyoosha vizuri. Akaenda kwa baba yake mkubwa, akamfungua kiganja, akaweka betri humo, akamkunja vidole kimoja kimoja. Akarudi kwenye vifungo vyake.



"Niandike nini?" wifi akanong'ona.

"Andika mwenyekiti amepokea betri," nikamwambia.

Shemeji alibaki na ngumi yake imefumbwa, hajui aifungue au la. Mimi nikavuta fomu. Kifungu cha saba kilisema: *Mtoto hawezi kueleza anachotaka.* Mwandiko ulikuwa wa mume wangu.

"Baba'ke," nikamwambia, "kesho nitachoka vilevile, najua. Labda ipo siku nitasaini. Lakini hii siisaini, ina uongo. Na huko bwenini, nani atajua habari za betri?"

Nikamsogezea kalamu. Alimtazama kaka yake, akakohoa, kisha akakifuta kifungu cha saba.