Mtu wa Kiti cha Nyuma

Anania alikuwa na duka la redio na kanda pale mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe, na alikuwa na jozi tatu za viatu vya ngozi, jambo ambalo hakumruhusu mtu yeyote kulisahau. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Magari ya mtumba kutoka Japani yalikuwa yakimiminika kupitia Unguja, na kila mwenye duka alijiona anachelewa.

Lakini gari alilokwenda kununua Makambako halikuwa lake hasa. Lilikuwa la miti. Mama yake, Telesia, aliipanda ile mipaini mlimani, juu ya nyumba yao kule Matamba mwaka aliofiwa na mume, akaipalilia kwa mikono yake, na sasa alikuwa ameiuza yote kwa wapasua mbao. Alikuwa ameanguka na mzigo wa pareto, na daktari alimkataza kutikiswatikiswa. "Mgongo wangu umeshindwa na malori," alimwambia mwanawe. "Nunua kitu cha kunifikisha hospitali na kunirudisha."

Wakafika Makambako asubuhi kwa basi kutoka Njombe, mama na mwana. Telesia alivaa gambuti za shambani, kwa kuwa ndizo zilizokuwa kavu, na blanketi begani. Mkononi alikuwa na kapu la viazi vya kumpa mwenye gari, maana kwake yeye haikuwezekana kwenda kuchukua kitu kikubwa kwa mtu mikono mitupu. Anania alizitazama zile gambuti, akalitazama lile kapu, akamkalisha mama yake kwenye benchi la mama ntilie, ng'ambo ya barabara.

"Ningoje hapa, mama. Kule kwenye magari kuna kelele."

Kelele zilikuwa hapohapo barabarani, na yeye alijua.

Mwenye yadi ya magari alikuwa Ussi, Mzanzibari aliyeizoea baridi ya Makambako kwa shida na koti zito. Magari madogo ya kukimbia yalikuwa yamebaki mawili, injini zake sawa. La kijivu lilikaa juu, springi zake laini, shokapu za kawaida. La bluu lilikuwa limelala chini kwa springi fupi na ngumu, na lina bawa dogo mkiani. Sihitaji kusema macho ya Anania yalikwenda wapi.

"Hilo la bluu kwenye kona haliyumbi," Ussi alisema. "Ila kila kijiwe utakihesabu kwa uti wa mgongo. Hili la kijivu linalalia upande kidogo, lakini wa nyuma anasinzia. Nani atakaa nyuma?"

Huo ulikuwa utaratibu wake, na Makambako nzima iliujua. Ussi hakupenda kuuza gari kabla ya mtu wa kiti cha nyuma kuletwa, kukalishwa na kuzungushwa mpaka relini na kurudi. Alisema dereva ana usukani wa kushikilia, wa nyuma ana mgongo wake tu.

"Hakuna mtu," Anania alijibu. "Niko peke yangu."

"Kama yupo, sema, bwana. Fundi wangu Mudy ana springi laini za hilo la bluu. Kabla ya adhuhuri atakuwa ameshafunga, na bei ni ileile."

"Litanyanyuka?"

"Vidole vinne hivi."

Anania alijiona katika kioo cha lile gari, shati jeupe, gari chini kabisa, akapiga hesabu ya macho ya watu wa Ramadhani. Vidole vinne vilikuwa vingi mno kwake.

"Liache hivyohivyo," alisema.

Wakati huo Telesia alikuwa amechoka na benchi. Alivuka barabara polepole, mkono mmoja kiunoni, akaingia yadini na kapu lake.

"Kamwene, mama," Ussi alimwamkia, kwa salamu aliyojifunza kwa ajili ya wateja.

"Kamwene, baba."

Ussi akamgeukia Anania. "Mzazi wako huyu?"

Mudy alikuwa amesimama na spana. Wateja wengine wawili walikuwa wakizitazama gambuti. Anania alisogea hatua moja mbali na mama yake.

"Ni jirani," alisema. "Wa kule kijijini. Nampa lifti tu."

Kiswahili cha Telesia kilikuwa cha sokoni, lakini jirani ni neno alilolijua vizuri. Alimtazama mwanawe mara moja. Kisha akaliweka kapu mbele ya Ussi, akasema, "Viazi hivi ni vyako," akaenda kusimama kwenye mlango wa nyuma wa lile gari la bluu mpaka alipofunguliwa.

Kutoka Makambako hadi Njombe ni lami, na gari lilikwenda kama lilivyosifiwa. Anania hakupata raha yake hata kidogo. Walipoipita Ramadhani aliona watu wa dukani kwake wakinyoosha vidole, ndio walewale aliowapigia hesabu, na akatamani wasimwone.

Kisha lami ikaisha. Kila shimo lilipanda moja kwa moja kutoka kwenye tairi hadi kwenye viti. Telesia alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili, na kila lilipogonga shimo pumzi ilimkatika. Anania alipunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka malori ya mbao yakampita yakimpigia honi.

"Tupumzike, mama?"

"Twende tu."

Siku zote Telesia alimwita mwanawe baba, kwa kuwa Anania alirithi jina la babu yake mzaa mama. Safari hii hakumwita kitu. Anania alitaka kusimama amwombe radhi, lakini angelazimika kugeuka na kuuona uso wake, kwa hiyo alijiambia atasimama baada ya kilima hiki, kisha kile, na vilima vya Makete haviishi.

Matamba walifika jioni. Majirani walikuwa wamekusanyika, na Filemoni, mzee wa kanisa, alikuja na Biblia yake kuliombea gari. Telesia hakuweza kushuka mwenyewe. Wanawake wawili walimtoa, akasimama amepinda, ameshika mlango.

"Haya, Telesia," Filemoni alisema. "Tuliombee gari la miti yako."

"Bado, mzee. Miti yangu haijaleta gari. Huyu ni jirani, amenipa lifti tu."

Watu wakacheka, maana walizoea utani wake. Anania alisimama na funguo mkononi. Maneno yaliyomshinda tangu asubuhi yakamtoka.

"Mzee Filemoni, huyu ni mama yangu."

Wakacheka zaidi. "Afadhali umetuambia," mmoja alisema, "tulikuwa hatujui." Hata Filemoni alifunika mdomo kwa Biblia. Telesia peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameshika mlango, anangoja mgongo unyooke.