Mstari wa Dada

Kila asubuhi, saa mbili kamili, skrini ya ofisi ya kumbukumbu za hospitali ilitangaza: "Dada bado hajafika."

Ilikuwa kweli tupu. Dada alikuwa kaburini mwezi wa pili sasa, na marehemu, kwa heshima zao zote, hawana desturi ya kuwahi kazini.

Aliyeteseka zaidi ni mdogo wake, Kitinda. Wawili hao walikesha miaka minane wakiunda lugha ya kompyuta ambayo muuguzi angeitumia kuyauliza majedwali ya hospitali kwa maneno yake mwenyewe: NIPE wagonjwa AMBAO hawajapewa dawa. Majibu ya makosa aliyaandika Dada, kwa mdomo wake uleule. Ukikosea, uliambiwa: "Jedwali hilo halipo, mwanangu. Umekunywa chai?" Tena ndiye aliyembonyezea Kitinda "amefika", saa mbili kasoro dakika moja, kila alipochelewa. Yaani kila siku.

"Mfute leo," alisema Meneja, akipangusa jasho chini ya feni. "Wauguzi wanaogopa kuingia humu. Ukishindwa, lugha yenu naitupa, nanunua ya watu."

Kitinda akaandika: FUTA Dada KUTOKA wafanyakazi.

Skrini ikatulia kidogo, kama mtu anayevua miwani. "Hafutiki. Kuna anayemtegemea."

"Nani tena?" Meneja alinong'ona.

Kitinda alijua. Ilikuwa sheria ya Dada, waliyonuniana kwayo wiki nzima: mstari wa mtu jedwalini usifutwe ikiwa mstari mwingine bado unautaja, usije ukaacha yatima. Na katika mstari wa Kitinda, penye mtu wa karibu, paliandikwa Dada. Akalifuta jina, akapaacha wazi, akabonyeza.

"Tupu si mtu, mdogo wangu. Andika aliye hai," skrini ikajibu.

"Si huwa inasema 'mwanangu'?" Meneja aliuliza.

Kitinda alikuwa akitafuta wa kumwandika. Wazazi walikwishatangulia. Mume hakumpata, na hakuwa amemtafuta sana.

"Bosi, paka anakubalika?"

"Kitinda!" Meneja akakohoa, akatazama feni. "Basi niandike mimi. Wanangu wenyewe hawanipigii simu."

Akamwandika. Kisha akarudia: FUTA Dada.

"Haya," skrini ikasema. Basi.

Kesho yake Kitinda alichelewa tena, bila wa kumwokoa. Alipanda ngazi mbio, viatu mkononi, saa mbili na dakika kumi. Meneja alikuwa amesimama mlangoni, mgongo ukutani, wala haingii.

"Ulipita mlango gani?"

"Ndiyo kwanza nafika, bosi. Naomba radhi."

"Mimi niko hapa tangu saa moja. Hajaingia mtu."

Akanyoosha kidole. Kule ndani, juu ya viti vitupu, skrini iliandika kwamba wote wamefika. Na chini yake, kwa herufi ndogo: Kitinda, saa mbili kasoro dakika moja.