Sumu ya Mzee Mmanga

Mzee Mmanga wa Wingwi alikuwa na ngiri, utumbo ulioshuka kinenani, tangu ujanani, na aliificha chini ya kikoi kwa ustadi kuliko alivyoweza kuuficha ujinga wake. Zama zile za siasa watu wa vyama viwili hawakuzikana wala kuuziana chumvi, na Mmanga ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote.

Asubuhi moja alinyanyua gunia la muhogo, ngiri ikashuka, ikanasa. Akaanguka akigaragara na kutapika. Mkewe, Bi Mwanapili, akataka kumwita jirani yao Silima, mwenye gari pekee pale kijijini.

"Gari la Silima?" Mmanga akafoka. "La chama kile? Bora nife!"

"Utakufa wewe, eda nikae mie," alisema Bi Mwanapili.

Mchana akaitwa Ngwali, katibu wa tawi la chama cha Mmanga, ambaye pia alijiita mkandaji. Ngwali alipaka mafuta ya nazi, akaiminya ile ngiri kwa nguvu mpaka ikarudi ndani. Maumivu yakatulia palepale. Mmanga akaketi, akaomba uji, akawaambia waliokuja kumtazama kwamba chama chake kina madaktari wake. Ngwali akaanza kuvisifu vidole vyake.

Hajamaliza, jasho baridi likamtoka mgonjwa. Pumzi zikawa fupi, macho yakageuka. Bi Mwanapili hakumwuliza mtu. Alikwenda kwa Silima, na Silima akawasha gari. Ngwali naye alipanda. Mgonjwa hana fahamu, alisema, kwa hiyo si kosa la kichama.

Hospitalini Wete, Dokta Khatib alimpasua, akakata kipande cha utumbo kilichokwisha kuwa cheusi. Alipotoka aliwaambia, "Ni sumu iliyomwangusha..."

Ngwali hakungoja la pili, alikwishafika barabarani. Bi Mwanapili ndiye aliyesikia yaliyobaki. Utumbo ukibanwa ukakosa damu hutengeneza sumu zake wenyewe, na nyingi hubaki palepale ulipobanwa. Ukiachiliwa ghafla, damu hurudi ikazizoa sumu zile, zikaenea mwilini na kuilegeza mishipa, moyo ukakosa cha kusukuma.

"Angeletwa ingali imenasa, ningekikata kilichokufa kabla hakijamwaga sumu," alisema daktari. "Nani aliyeirudisha?"

"Katibu," akajibu Bi Mwanapili.

Mmanga alipopata nafuu alielezwa yaleyale, na akayaelewa vizuri. Lakini aliporudi Wingwi alikuta amekwisha kuwa shujaa. Kwa lile neno moja alilolisikia, Ngwali alikwisha kueneza kijiji kizima: Silima kamtilia sumu! Watu walikuwa hawalipandi gari la Silima, na mke wa Silima hauziwi samaki. Mkutano ulikwishaitishwa. Mmanga, ambaye maisha yake yote hakuwahi kupigiwa makofi, akapanda jukwaani.

"Nimetiliwa sumu garini!" akanguruma.

"Si ulianguka kabla ya kupanda gari?" mtu mmoja akauliza.

"Hapo ndipo walipoanza!"

Watu wakashangilia. Upande wa wanawake, Bi Mwanapili akasimama. "Mume wangu, sumu ilitoka tumboni mwako. Daktari kakwambia, na mie nasikia."

Ngwali akatangaza kuwa mama huyu kanunuliwa. Bi Mwanapili akatoka mkutanoni. Alikwenda nyumbani, akafunga nguo zake, akahamia kwa kaka yake. "Nitarudi ukishamtaka Silima radhi," alimwambia mumewe.

Mmanga akawa anajipikia, na utumbo wake uliopunguzwa haukuyapenda mapishi yake. Mwishowe alikwenda kwa Silima mchana kweupe, akanong'ona, "Nisamehe, jirani."

Silima alikuwa chini ya gari, anakaza nati. "Sikusikii. Sema kwa sauti ya mkutanoni."

Majirani walikwisha kusogea. Mmanga akavuta pumzi, akayasema yote kwa sauti: ngiri, mafuta ya nazi, vidole vya katibu. Wanawake walicheka mpaka wakakaa chini. Silima akatoka, akafuta mikono, akamwagizia kahawa.

Kutoka hapo Mmanga alikwenda kwa shemeji yake. Bi Mwanapili alimwacha akae barazani mpaka akamaliza kupepeta mchele wa watu, kisha akachukua nguo zake wakarudi. Tawini Mmanga hakuitwa tena kusema.