Mkanda wa Feni

Katapila la Kalama lilikuwa kuukuu kuliko Kalama mwenyewe, na lilikunywa maji kuliko ng'ombe. Alilinunua likiwa chuma chakavu, akalifufua, na sasa lilikuwa likichimba lambo ambalo kijiji kizima huko Ganze kililisubiri kabla ya mvua. Rejeta ilivuja, naye hakuona haja ya kuiziba maadamu ana mke. Kutwa Kache alikwenda kisimani na kurudi, mtungi kichwani, ili injini ya mumewe isichemke. Mimba mbili zilikuwa zimemtoka kwenye njia hiyohiyo. Hii ilikuwa ya tatu.

Pola, mama yake Kache, alikuja kumwombea mapumziko. Lakini kwao mama mkwe hamkabili mume wa bintiye. Wakikutana njiani humpisha na kujifunika uso, na lake la kusema hupitia kwa mtu mwingine. Basi akamtuma Tsuma, nduguye Kalama. Kalama alicheka hadi akajishika mbavu.

"Mwambie mama mkwe," alisema kwa sauti ili Pola asikie huko aliko, "mke ni wangu na rejeta ni yangu. Yeye ashike adabu yake, anyamaze."

Haya, akanyamaza.

Kesho yake Tsuma alikuwa ameenda kula, na Pola amekaa kando ya kifusi akimngoja bintiye arudi kutoka kisimani. Katapila likapita likinguruma, na chini yake kikadondoka kitu cheusi. Mkanda wa feni. Pola aliujua, maana alishamwona Kalama akiushona kwa waya huku akitukana. Mkanda ukikatika feni haizunguki, na maji ya rejeta huchemka hata ukileta kisima kizima. Kalama alikuwa anatazama mbele. Hakuona kitu.

Pola angeweza kuuokota akaupunga. Angeweza hata kurusha jiwe. Lakini si aliambiwa ashike adabu? Ife injini hiyo, bintiye apumzike, mtoto azaliwe. Lambo likikwama, shauri yao. Alikaa palepale, na kusema kweli aliona raha, raha ambayo hakuwahi kuipata tangu amwoze Kache kwa mtu yule.

Mvuke ukaanza kufuka. Kalama alizima injini, akaruka chini, na papo hapo Kache akatokea na mtungi wake, mapema kuliko mama yake alivyodhani. Kalama alimfokea apande, afungue kifuniko, atie maji kabla injini haijapasuka. Kache akauliza kama si afadhali wangoje ipoe kidogo. Akaambiwa asimfundishe mtu kazi.

Pola aliinuka. Alimwita mkwewe kwa jina, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akapiga ukelele, lakini kifuniko kilikuwa kimeshafunguka.

Hospitalini walimfunga Kache bendeji uso mzima na mikono yote miwili. Mimba haikungoja asubuhi. Kalama alikuja mara moja tu, akasimama mlangoni, akawaeleza wauguzi kwamba injini yake imepasuka. Pola ndiye aliyebaki, akimdondoshea bintiye maji mdomoni kwa kijiko.

"Mayo," Kache alisema siku alipoweza kuzungumza, "wewe ulikuwa umekaa pale. Hukuona kitu?"

"Sikuona, mwanangu."

Kache aligeuza uso wake uliofungwa, akauelekeza kwenye sauti ya mama yake.

"Najua," alisema. "Ungeona, ungesema."