Kiapo Nilichokataa Kula

Usiku wa jana niliota baba yangu ni Rais wa nchi na mimi ni Makamu wake. Kwa kweli baba ni fundi saa. Miezi miwili iliyopita alipata kiharusi. Hasemi, nami ndiye ninayemlisha uji na kumshikia duka. Shangazi ameshaita fundi rangi: leo jina la baba lifutwe mlangoni, liandikwe langu, Nakijwa.

Ndotoni Ikulu ilikuwa sebule yetu. Katiba ikaingia kwa miguu yake, ikavua viatu mlangoni.

"Shikamoo, Katiba."

"Marahaba, Makamu. Rais hawezi kazi. Inabidi ule kiapo."

Ikafunua kawa. Kiapo kilikuwa sahanini, kimeungwa kwa nazi, kinafuka mvuke. Herufi zilielea juu kama iliki.

"Nikimaliza kula, baba atakuwa nani?"

"Atakuwa picha ukutani. Kula, mwanangu, kinapoa."

Nashika kijiko. Mara sebule imekuwa Bunge, na wabunge wote ni saa ambazo baba hakuwahi kuzimaliza. Zinagonga meza. Nusu zinasema saa tatu, nusu saa kumi na moja. Mbele za watu huwa sina sauti, lakini nasimama.

"Mheshimiwa Spika, kiti hakijawa wazi."

Katiba inainama, inapapasa kiti cha baba.

"Nina joto lake," kinasema Kiti. "Ameinuka tu."

"Kweli kina joto," Katiba inakiri, ikijifunua ukurasa. "Mwenyewe akiwapo ila hawezi kwa muda, hakuna kiapo. Unakaimu. Lakini kaimu hakalii kiti. Husimama kando yake."

"Nitasimama."

"Miguu itauma."

"Najua."

Naifunika sahani. Hoja inapita. Saa zote, kwa mara ya kwanza, zinagonga pamoja: saa moja.

Nikaamka. Ilikuwa saa moja asubuhi, na miguu iliniuma kama mtu aliyesimama kutwa.

Nikampelekea baba uji. Midomo yake ikahangaika.

"Kaimu," akasema. Akapumzika. "Uji hauna sukari."

Nikautia sukari, kisha nikampigia fundi rangi. Nikamwambia jina la baba asiliguse. Chini yake aandike, kwa herufi ndogo: Kaimu, Nakijwa.